Kabla ya kununua dawa ya kifua, jua kwanza anayekohoa ni nani

Ingia duka la dawa lolote hapa Dar, kati ya Mbagala na Tegeta, sema "naomba dawa ya kifua", hutatoka mikono mitupu. Utapewa chupa ya maji ya kikohozi, utaongezewa amoksilini, na muuzaji mwenye huruma atakufungia vidonge vya prednisoloni, yaani steroidi ya kumeza, kwenye bahasha ya kaki. Maswali yasiyoulizwa ni haya: anayekohoa ni nani, ana umri gani, amekohoa kwa muda gani, na anameza dawa gani nyingine? Chupa ileile inakwenda kwa mtoto wa miaka miwili aliyepaliwa karanga, kwa bibi anayetumia dawa ya presha, kwa seremala wa Keko na kwa kijana mwenye TB. Wote wanne watarudi wiki ijayo wakikohoa vilevile.

Tuanze na muda. Kwa mtu mzima kikohozi huitwa sugu kikivuka wiki 8, kwa mtoto kikivuka wiki 4. Lakini kwetu kuna mstari unaotangulia hiyo yote, nao ni wiki 2. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, makohozi yapimwe TB kabla hujafikiria jambo jingine. Anayeishi na VVU hasubiri hata hizo wiki 2: kikohozi chochote, hata cha juzi, kinatosha kumpeleka kupima. Kupima na kutibiwa TB katika vituo vya serikali ni bure. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa takribani saa 2 tangu sampuli iingie, na huonyesha pia kama vimelea vimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB.

Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni sampuli. Watu hupeleka mate. Makohozi hutoka chini kifuani, ni mazito, na mazuri zaidi ni ya alfajiri kabla ya kula chochote. Sukutua kwa maji matupu, toka nje penye hewa, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka chini hasa na uteme moja kwa moja ndani ya kikopo. Jibu la "huna TB" lililotokana na povu la mate si la kuliamini. Na kwa aliyewahi kutibiwa TB akapona, kuna mtego mwingine: GeneXpert husoma vinasaba, na vinasaba vya vimelea vilivyokufa vinaweza kubaki kifuani kwa muda mrefu. Mtu huyo akianza kukohoa tena amweleze daktari historia yake, maana pengine itabidi makohozi yaoteshwe maabara. Wengi wao hawana TB mpya, wana makovu na mirija iliyopanuka, na kumrudisha mtu kwenye dozi ya miezi 6 bila ushahidi hakumsaidii kitu.

TB ikishaondolewa kwenye hesabu, ndipo pumu inapata zamu yake. Kikohozi cha pumu kina tabia zake: huzidi usiku wa manane na alfajiri, hufuata kucheka, kukimbia, mafua au moshi, na huja na mlio wa filimbi mtu anapotoa pumzi. Siku nyingine mtu huyohuyo ni mzima kabisa. Tabia hiyo ya kupanda na kushuka ndiyo inayopimwa hospitali kwa kile kifaa kidogo cha kupuliza: unapuliza, unavuta salbutamoli (dawa ya kufungua mirija ya hewa), unasubiri robo saa, unapuliza tena. Namba ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, ushahidi ni mzuri. Anayekohoa kwa kiwango kilekile mchana na usiku, mwezi mzima, huku anakonda, huyo msimpe jina la pumu.

Dawa ya bluu na dawa ya kahawia

Watu wanadhani pumu ni kule kubanwa. Kubanwa huja na kuondoka, lakini uvimbe ndani ya mirija ya hewa upo hata siku ambayo mtu anacheza mpira. Inhela ya bluu, yaani salbutamoli, hulegeza misuli ya mirija ndani ya dakika chache na nguvu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6. Uvimbe haiugusi. Inayoutibu ni ile ya steroidi: beklometasoni, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya kahawia, au budesonidi. Hii huchukua siku hadi wiki kuonyesha kazi yake, na hapo ndipo inapopoteza wateja. Mtu anavuta siku tatu, haoni tofauti, anairudisha kabatini na kukumbatia ya bluu.

Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa mtu mzima au kijana wa miaka 12 na kuendelea. Hata mwenye pumu nyepesi anatakiwa apate steroidi ya kuvuta. Njia inayopendwa sasa ni inhela moja yenye budesonidi pamoja na fomoteroli, ambayo hufungua mirija: unaivuta unapobanwa, na ugonjwa ukizidi unaivuta pia asubuhi na jioni. Kwa ile iliyoandikwa 160/4.5, yaani mikrogramu za budesonidi na za fomoteroli kwa kila mvuto, mtu mzima asizidishe mivuto 12 kwa siku. Bei yake ni ya juu, hilo halifichiki. Asiyeiweza atumie beklometasoni kila siku, kwa watu wazima wengi mikrogramu 200 hadi 500 kwa siku zikigawanywa mara mbili, na ya bluu ibaki ya dharura. Kwa njia hiyo ya pili, ukijikuta unaihitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu haijadhibitiwa. Ukimaliza kopo 3 za bluu kwa mwaka, hatari ya shambulio kubwa imepanda, na kopo 12 zinaendana na hatari ya kufa.

Lile neno la mtaani kwamba "ukizoea inhela hutaiacha" limeua watu. Mvuto mmoja wa salbutamoli una mikrogramu 100. Kidonge kimoja kina miligramu 2 au 4, yaani mara 20 hadi 40 zaidi, na bado kinachelewa kufanya kazi na kukuachia mikono inayotetemeka na moyo unaokwenda mbio. Syrapu yake kwa watoto ina kasoro hizohizo. Na bahasha ya prednisoloni kila mwezi hupandisha sukari, presha na uzito, na hupunguza nguvu ya mifupa.

Jinsi ya kuvuta, na chupa ya maji

Hapa ndipo dawa nyingi nzuri hupotelea. Inhela ya kopo: itikise, na kama ni mpya au haijatumika wiki 2 pulizia hewani mara mbili tatu kwanza. Toa pumzi taratibu mpaka iishe. Funga midomo kwenye mdomo wa inhela, anza kuvuta polepole, hapohapo bonyeza mara moja, endelea kuvuta kwa sekunde 3 hadi 5, kisha zuia pumzi ukihesabu 10. Subiri nusu dakika hadi dakika nzima, itikise tena ndipo uvute wa pili. Ukiona moshi unatoka mdomoni au puani, dawa haikufika. Baada ya dawa ya steroidi sukutua na uteme, la sivyo utapata utando mweupe kinywani na sauti ya kukwaruza.

Wengi hawawezi kuoanisha kubonyeza na kuvuta, na wala si aibu. Dawa yao ni spesa, chombo kitupu kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Ya kununua ikiwa ghali, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inafanya kazi hiyo. Watafiti wa Cape Town walizilinganisha kwa watoto waliobanwa na pumu na kuchapisha matokeo 1999: chupa ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani, ilhali kikombe cha polistarini kilishindwa. Kuzibwa ndiyo siri yake. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela yako, upashe moto hadi uwe mwekundu, uugandamize kwenye kitako cha chupa ili ukate tundu la umbo hilohilo. Mdomo wa inhela uingie kwa kubana. Penye upenyo weka gundi au utepe. Kifuniko cha chupa toa, hapo ndipo mgonjwa atakapoweka midomo.

Kabla ya kutumia, osha chupa kwa maji yenye sabuni ya vyombo, usiisuuze ndani wala kuifuta kwa kitambaa, ining'inize ikauke yenyewe. Plastiki kavu iliyosuguliwa hupata umeme tuli, na dawa yote hubandika ukutani badala ya kwenda kifuani. Rudia kuiosha kila wiki. Ukivuta, ni mbonyezo mmoja, kisha pumzi 5 au 6 za kawaida ndani ya chupa, ndipo mbonyezo wa pili. Kubonyeza mara nne kwa mpigo ni kumwaga pesa. Mtoto mdogo anahitaji spesa yenye barakoa inayokaa sawasawa usoni. Msimvutishe akiwa analia. Mtoto anayelia hupata dawa kidogo sana.

Kuna na zile inhela za unga, unaweka kidonge cha gamba ndani ya kifaa, kinatobolewa, unavuta. Wapo wanaokimeza. Hakimezwi. Na hii, tofauti na ya kopo, huvutwa kwa nguvu na haraka, na usipulizie pumzi ndani yake. Unyevu wa Dar unagandisha unga, kwa hiyo kidonge kitolewe kwenye pakiti yake dakika ileile ya kukivuta. Watoto chini ya miaka 5, na mtu aliyebanwa vibaya, hawana nguvu ya kuvuta unga.

Kopo la kawaida la salbutamoli lina mivuto 200. Lile jaribio la kuliweka lielee kwenye bakuli la maji halisemi ukweli, na hata likitoa moshi huenda ni gesi tupu. Andika tarehe ya kulifungua kwa kalamu ya wino, uhesabu.

Watoto

Mtoto chini ya miaka 5 anaweza kupiga filimbi kwa sababu ya virusi tu, akaacha akikua. Pumu hushukiwa zaidi kama anakohoa na kupiga filimbi hata bila mafua, ana ukurutu wa ngozi, au mzazi wake ana pumu. Daktari anaweza kumjaribisha steroidi ya kuvuta kwa miezi 2 hadi 3, kisha waangalie. Wazazi huogopa urefu. Kwa matumizi ya miaka, tofauti inayotajwa ni ya takribani sentimita moja. Kulazwa mara kwa mara kunagharimu zaidi ya hiyo.

Mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5: hiyo ni haraka mno, aende kituoni leo. Kikohozi cha majimaji kinachozidi wiki 4 bila dalili nyingine mara nyingi ni bakteria waliojichimbia kwenye mirija, na hutibika kwa antibayotiki ya wiki 2 daktari akithibitisha. Kikohozi kilichoanza ghafla wakati anakula au anacheza, sekunde hiyo, kinataka kuchunguzwa kama kuna kitu kwenye njia ya hewa. Karanga haionekani kwenye eksirei, kwa hiyo picha safi isiwatulize.

Dawa zenye kodeini asipewe wa chini ya miaka 12, na promethazini isiguse wa chini ya miaka 2. Asali kijiko kabla ya kulala inasaidia kweli, ila si kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Kumfukiza kwa sufuria ya maji yanayochemka muache. Watoto wanaungua, na mvuke wa majani makali huwabana wenye pumu.

Mtoto mwenye selimundu akiwa na homa, kifua kinamuuma na anakohoa, msimpe inhela mkangoja asubuhi. Hilo ni tatizo la hatari kwenye mapafu, ni la hospitali usiku huohuo.

Wakubwa na dawa wanazomeza

Kikohozi kikavu cha kukereketa koo kwa mtu wa presha kinataka uangalie pakiti zake. Enalaprili, lisinoprili na kaptoprili husababisha kikohozi, zaidi kwa wanawake, na kinaweza kuanza miezi baada ya kuzoea dawa. Daktari akibadilisha kwenda losatani, kikohozi huisha kwa wiki 1 hadi 4, mara chache miezi 3. Asiache dawa mwenyewe. Propranololi na atenololi, nazo za moyo na presha, zinaweza kumbana mwenye pumu, na kuna moja ambayo husahaulika kabisa: matone ya timololi ya presha ya macho. Tone la jicho linafika kifuani.

Mzee anayekohoa akilala chali, anayehitaji mito mitatu na miguu imevimba, apimwe moyo kabla ya kupewa inhela. Aliyepika kwa kuni na mkaa miaka thelathini anaweza kuwa na mapafu yaliyoharibika kama ya mvuta sigara. Mwenye kiungulia aache muda wa saa 3 kati ya chakula cha jioni na kulala, na ainue kichwa cha kitanda kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Asiye na kiungulia, omeprazoli haitamtibu kikohozi. Kamasi linaloteremka kooni linaoshwa kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huwabana baadhi ya watu wazima wenye pumu ndani ya dakika 30 hadi saa 3, hasa wenye vinyama puani. Kwao, maumivu yatulizwe kwa parasetamoli.

Mjamzito aendelee na inhela zake zote. Takribani theluthi moja ya wajawazito hubanwa zaidi, theluthi hupata nafuu, waliobaki hawabadiliki. Kinachomdhuru mtoto ni mama kukosa hewa. Amwambie na mkunga, maana ipo dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua ambayo hubana kifua.

Anayetumia ARV zenye ritonaviri, zile za mstari wa pili, asipewe flutikasoni wala budesonidi bila daktari kujua. Ritonaviri huzuia ini kuziondoa, steroidi zinajaa mwilini, uso unavimba na tezi za juu ya figo zinalala. Beklometasoni ni salama zaidi kwao. Anayetumia ARV ya dolutegraviri bila ritonaviri hana shida hii.

Kazi na nyumba

Fundi wa Keko anayepasua mvule na mninga, msaga nafaka, mpiga rangi wa gereji: waulizeni Jumapili na likizo wanakuwaje. Wakipata nafuu wakiwa mapumzikoni na kubanwa wakirudi, kazi inahusika. Kitambaa usoni hakizuii vumbi laini. Barakoa ya N95 inalizuia, lakini haizuii mvuke wa rangi.

Nyumbani, adui mkubwa wa Dar ni unyevu. Baada ya masika ukungu hupanda ukutani nyuma ya kabati. Ziba panapovuja kwanza, ndipo mtu asiye na pumu afute kwa maji ya sabuni. Jiki ina harufu inayobana, na ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya sumu. Godoro livishwe gamba la plastiki, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, feni ifutwe kwa kitambaa kibichi. Dawa ya mbu ya kuchoma chumbani ibadilishwe na chandarua. Udi na ubani, kwa nyumba yenye mgonjwa, vifukizwe yeye hayupo na madirisha yakiwa wazi. Jiko la mkaa kwenye korido ya nyumba ya kupanga ni gumu kulihamisha, najua, lakini angalau liwashwe nje na kuingizwa likishakolea, na hata hapo mlango ubaki wazi, kwani mkaa uliokolea bado unatoa gesi isiyo na harufu.

Ramadhani inhela ya steroidi inaweza kuvutwa wakati wa daku na futari bila kupunguza dozi. Kuhusu kuvuta mchana ukiwa umefunga, wanazuoni wametofautiana. Muulize shehe wako mapema. Aliyebanwa avute palepale.

Akibanwa mkiwa kwenye foleni

Mketishe wima, asilale. Mbonyezo 4 hadi 10 ya salbutamoli kupitia spesa au chupa, mmoja mmoja, kila dakika 20 kwa saa ya kwanza. Mtoto chini ya miaka 5 apate 2 hadi 6. Endeleeni kumpa ndani ya bajaji, msisubiri kufika. Mkimbizeni akishindwa kumaliza sentensi, mtoto akishindwa kunyonya, mbavu zikizama, midomo ikiwa ya zambarau, akisinzia, kipimo cha oksijeni kikisoma chini ya 92, au filimbi ikinyamaza ghafla huku bado anahangaika. Huo ukimya maana yake hewa haipiti tena.

Mapokezi msiseme "ana kifua". Semeni ana pumu, amebanwa tangu saa ngapi, amevuta mbonyezo mingapi, ameshawahi kulazwa kwa pumu au la, na anatumia dawa gani nyingine. Akiruhusiwa na prednisoloni, kwa mtu mzima kawaida ni miligramu 40 hadi 50 kwa siku kwa siku 5 hadi 7, azimalize, na msiondoke dirisha la dawa bila ile inhela ya steroidi.